Mvinyo wa Baga umetukausha midomo: umeharibika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa meza kwenye lodge moja hapa Arusha. Wageni wawili kutoka Ureno walipokuwa wanaondoka waliniachia chupa mbili za mvinyo mwekundu. Kwenye lebo pameandikwa Bairrada, chini yake Baga, mwaka 2020. Wenzangu walilicheka sana hilo jina. Jumamosi tukafungua moja, tukaimimina hapohapo, tukanywa na karanga. Mwalimu, ulikuwa mchungu, ulimi ukawa kama umefutwa kwa kitambaa kikavu, na mmoja wetu akasema umechacha. Je, umeharibika? Na hiyo Baga ni zabibu gani, maana sisi huku tumezoea Cabernet na Merlot za Afrika Kusini? Chupa ya pili nimeiweka juu ya friji.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaiteremshe hiyo chupa kutoka juu ya friji. Pale pana joto linalopanda kutoka nyuma ya mashine, pana mtetemo, na pana mwanga wa jikoni usiku na mchana. Ilaze mahali penye giza pasipobadilika joto ovyo. Kwa hali ya hewa ya Arusha, hata chini ya kitanda panatosha. Ukimaliza, rudi tuzungumze.

Kwa maelezo yako, mvinyo wenu haukuharibika. Mvinyo ulioharibika kwa kawaida pua huujua kabla ya mdomo. Ukigeuka siki, utanusa siki. Ukipatwa na ugonjwa wa kizibo, utanusa boksi la karatasi lililolowa na kuachwa stoo wiki nzima. Wewe hukutaja harufu yoyote mbaya. Ulilalamikia ulimi tu. Kwa hiyo tuuangalie huo ulimi.

Umesema ulikuwa mchungu. Sidhani. Kiswahili kimetupa maneno matatu hapa, na kwenye kazi yako uyatenganishe kila siku. Uchungu ni ule wa mwarobaini. Uchachu ni wa ukwaju na ndimu, ule unaojaza mate mdomoni. Ukakasi ni kitu kingine kabisa: si ladha hasa, ni mguso. Ni ule wa ndizi mbichi, wa zambarau zisizoiva vizuri, wa bibo la korosho ukilitafuna bila chumvi: ulimi unakuwa mkavu, mashavu yanavutwa ndani, ufizi unakwaruza. Kitambaa kikavu ulichokitaja ndicho hicho. Mvinyo wenu ulikuwa na ukakasi mwingi na uchachu mwingi kwa pamoja, na mtu asiyezoea akivipata viwili hivyo kwa mpigo hutamka neno la kwanza linalomjia, "mchungu", na jirani yake husema "umechacha".

Ukakasi unaletwa na tanini. Katika mvinyo mwekundu, tanini hutoka kwenye maganda ya zabibu, kwenye mbegu, na kwenye vikonyo kama havikutolewa. Zikiingia mdomoni hushikana na protini za mate, zile zinazoulainisha mdomo, na mate yakiisha utelezi unabaki na ukavu. Ukitaka kuliona hilo kwa senti chache, chemsha majani ya chai dakika kumi bila sukari, uonje. Utaukuta ukakasi uleule wa Jumamosi. Sasa ongeza maziwa, uonje tena. Umepungua, sivyo? Protini za maziwa zimezidaka tanini kabla hazijafika kwenye mate yako. Likumbuke hilo, nitalirudia tutakapofika kwenye nyama.

Sasa Baga yenyewe. Wenzako walicheka kwa sababu kwetu baga ni mkate wenye nyama katikati. Kwa Kireno, baga ni tunda dogo la mviringo, lile la ukubwa wa kunde au mbaazi. Neno hilohilo walilitumia pia kwa matunda meusi ya kichaka fulani yaliyowahi kutiwa kwenye mvinyo wa Porto, ule mtamu wenye kilevi kikali wa Ureno, ili kuukoleza rangi, kwa hiyo ukiona maelezo ya namna hiyo usichanganye: ile baga ni ya kichaka, hii yako ni zabibu halisi. Zamani Baga iliitwa pia Poeirinho, na bado utaliona jina hilo kwenye chupa chache.

Inakolimwa zaidi ni Bairrada, sehemu ya Ureno iliyo kati ya miji ya Coimbra na Aveiro, karibu na bahari ya Atlantiki. Jina la Bairrada lenyewe hutajwa kuwa limetoka kwenye neno barro, udongo wa mfinyanzi, na ukitembea pale baada ya mvua viatu vyako vitakusimulia. Mashamba bora ni yale ambayo mfinyanzi umechanganyika na mawe ya chokaa. Baga hupandwa pia mkoa jirani wa Dão, lakini ukisema Baga mbele ya Mreno, atajibu Bairrada.

Chukua kichala chake mkononi. Ni kidogo kuliko unavyotarajia, kimeshonana kiasi kwamba huwezi kupitisha hata njiti ya kiberiti kati ya tunda na tunda. Tunda ni dogo, jeusi linaloelekea buluu, limepakwa ule unga mweupe unaofutika kwa kidole. Lipasue: ganda ni jembamba, maji ni kidogo, mbegu zinachukua nafasi kubwa. Karibu kila kitu kilichokusumbua Jumamosi kimo katika tunda hilo moja. Tunda likiwa dogo, ganda na mbegu vinakuwa vingi ukilinganisha na maji, na kwenye maganda na mbegu ndiko tanini na rangi vinakokaa. Ndiyo maana Baga hutoa mvinyo wa ukakasi mkubwa na rangi iliyokolea ingawa ganda lake ni jembamba.

Wembamba wa ganda na kushonana kwa kichala ndiyo balaa la mkulima. Baga huchelewa kuiva. Zabibu nyingine zikiwa zimeshaingia kiwandani, yenyewe bado inangoja jua la mwisho wa Septemba, wakati mwingine mpaka Oktoba. Na huo ndio wakati Atlantiki inaanza kuleta mvua. Maji yakiingia kati ya matunda yaliyobanana hayana pa kutokea, tunda moja linapasuka, ukungu unaingia, na ndani ya siku chache kichala kizima kimeoza. Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkulima akiharibikiwa na msimu mmoja ana mwingine mbele yake miezi michache tu. Wa Bairrada ana nafasi moja. Anaangalia mawingu ya baharini, anaangalia zabibu ambazo hazijaiva sawasawa, na anapiga hesabu: nivune leo niwe na kitu, au ningoje wiki niwe na kitu kizuri, au nisiwe na kitu kabisa?

Wengi walivuna leo. Siwalaumu hata kidogo. Baga ni mzazi sana, mzabibu mmoja hubeba vichala vingi, na inastahimili ule ukungu wa unga uliosumbua mizabibu ya Ulaya karne ya 19. Kwa mkulima mwenye kijishamba kidogo, anayelipwa kwa kilo, huo ni mmea wa kukushibisha. Lakini mzabibu uliobeba sana hauivishi vyote. Zabibu zikavunwa mbichimbichi, zikachachushwa na vikonyo vyake, na mvinyo ukatoka mkali, mwembamba katikati na wenye ukakasi wa kijani. Sifa mbaya ya Baga, kwamba eti ni zabibu ya kijijini isiyofaa mezani kwa watu, ilitoka huko. Kwangu mimi kosa lilikuwa la tarehe ya kuvuna na idadi ya vichala, si la zabibu.

Bairrada ilishapata kipigo kingine kabla ya hapo. Mwaka 1756 serikali ya Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno wakati huo, iliweka mipaka ya eneo la Douro ili kuulinda mvinyo wa Porto, uliokuwa unauzwa sana Uingereza na ambao wajanja walikuwa wanauchanganya na mvinyo wa kwingine. Bairrada ilikuwa moja ya hizo kwingine. Dawa ya Pombal ikawa kuamuru mizabibu yake ing'olewe. Mkoa ulijijenga upya taratibu katika karne iliyofuata, na hadhi yake rasmi ya jina la asili iliupata mwaka 1979 tu, zaidi ya miaka mia mbili baada ya Douro.

Mwaka uliofuata, 1980, mhandisi wa kemia aitwaye Luís Pato alitoa mvinyo wake wa kwanza. Kama utakariri jina moja katika jibu hili, kariri hilo. Alianza kutenganisha zabibu na vikonyo kabla ya kuchachusha, akaingiza mapipa ya mwaloni wa Kifaransa, na kubwa kuliko yote akapunguza mzigo wa mzabibu. Majirani waliona anatupa pesa chini, na ni kweli alikuwa anakata vichala vilivyo hai. Baadaye akapata njia ya werevu zaidi: mwishoni mwa Agosti hukata sehemu ya vichala vingali vichachu, akavitengenezea mvinyo wa mapovu, na vile vilivyobaki vinapata nguvu yote ya mzabibu na kuiva mapema kuliko mvua. Mzabibu mmoja, mavuno mawili, na hakuna kilichotupwa. Mwaka 1988 alipanda pia Baga kwenye shamba la mchanga bila kuipandikizia kwenye shina la Kimarekani, jambo ambalo karibu Ulaya yote iliacha kulifanya tangu mdudu wa filoksera alipoangamiza mizabibu karne ya 19. Mdudu huyo hapendi mchanga. Mvinyo wa shamba hilo huitwa Pé Franco, yaani mguu huru, mzabibu uliosimama kwenye mizizi yake wenyewe, na hutoka chupa chache mno.

Usidhani, lakini, kwamba wote waliobaki na vikonyo walikosea. Wapo Bairrada mpaka leo wanaokanyaga zabibu nzima kwa miguu ndani ya masinki ya mawe, kisha wakauweka mvinyo kwenye mapipa makubwa ya zamani yasiyoongeza harufu yoyote ya mbao. Wao hawaharakishi. Mvinyo wao ukiwa na miaka mitatu hauzungumziki. Ukiwa na kumi na tano unakaa kimya mezani na kila mtu anataka aongezewe glasi. Na upo mkondo wa tatu. Mwaka 2012 Dirk Niepoort, mtu wa familia ya mvinyo wa Porto, alinunua Quinta de Baixo huko Bairrada, akaanza kutengeneza Baga nyepesi, isiyokamuliwa kwa nguvu na yenye kilevi kidogo, na akairudishia lile jina la zamani la Poeirinho. Binti yake Pato, Filipa, naye ana shamba na mvinyo wake, safi na wenye uhai. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Baga iko hivi", muulize: Baga ya nani?

Ladha yake sasa. Ikiwa changa na imeiva vizuri, mimi huonja zambarau kabla ya kitu kingine chochote, na hata rangi inayobaki ulimini ni ileile ya utotoni, ukitoka mtini unakana kuwa hukupanda. Chini yake kuna plamu nyekundu, majani mabichi kidogo, na tumbaku kavu. Ikizeeka, rangi inahama kutoka zambarau kwenda kwenye tofali, na harufu inakwenda kwenye majani makavu ya msituni, uyoga, kahawa, na tini iliyokaushwa. Tanini zenyewe huungana zikiwa ndani ya chupa mpaka zinakuwa nzito na kuzama, ndiyo yale mashapo meusi utakayoyaona chini. Mdomo haukwaruzwi tena, lakini uchachu unabaki palepale, na ndio unaoufanya mvinyo wa miaka ishirini uonekane bado mbichi. Ukakasi na uchachu uliowakera Jumamosi ndivyo vinavyoutunza mvinyo. Ule laini unaoteleza mwaka wa kwanza, mara nyingi mwaka wa kumi haupo.

Hapo kwenye uchachu ndipo lilipo jibu la mvinyo wa mapovu, na nisingependa ulipite. Mvinyo wa mapovu unataka zabibu yenye asidi kali na sukari ya wastani, na Baga iliyovunwa mapema ni hivyo hasa. Mji wa Anadia ulioko Bairrada ulianza kuutengeneza mwaka 1890, kwa kuuchachusha mara ya pili ndani ya chupa kama wafanyavyo Champagne, na hadi leo mkoa huo ni nyumba ya mvinyo wa mapovu wa Ureno. Ukikamua zabibu nyeusi haraka na kuyatoa maganda, maji yake hutoka meupe, kwa hiyo usishangae ukiona chupa ya mapovu meupe imeandikwa Baga. Na kuna uwezekano mkubwa wewe au mgeni wako mlishainywa bila kujua: Mateus, ule mvinyo wa waridi ulioanza mwaka 1942, wenye chupa bapa kama kibuyu cha maji cha askari, una Baga miongoni mwa zabibu zake.

Sasa nyama. Mlikosea kuinywa na karanga, na nawasamehe kwa sababu mlikuwa mnasherehekea. Kuna mji huko Bairrada unaitwa Mealhada, na barabara inayoupita imejaa mikahawa yenye chakula kimoja: leitão, mtoto wa nguruwe wa wiki chache, aliyepakwa ndani kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi na mafuta, akachomekwa kwenye mti mrefu na kuokwa ndani ya tanuri la kuni mpaka ngozi inalia kama kigae ukiigonga na uma. Humwekea pembeni vipande vya chungwa. Watu wa kitimoto mtanielewa. Ukila kipande chenye mafuta na kukisindikiza kwa Baga, yanatokea mambo mawili kwa pamoja: protini ya nyama inazidaka tanini, kama yalivyofanya maziwa kwenye chai, na uchachu unakata mafuta kama ndimu juu ya mshikaki. Mvinyo unalainika, na nyama inakuwa nyepesi. Kwenye karanga mbili mkononi, tanini zilikosa kitu cha maana cha kukamata zikaukamata ulimi wako.

Asiyekula nguruwe hajaachwa nje. Watu wa upande huohuo wa Coimbra wana chakula kiitwacho chanfana: mbuzi mzee, yule ambaye kwetu tungemchemsha supu tangu alfajiri, anakatwa vipande, anatiwa kwenye chungu cheusi cha udongo pamoja na vitunguu saumu na majani ya bay, yale ya kunukishia mchuzi, anamwagiwa mvinyo mwekundu mpaka afunikwe, kisha anaachwa ndani ya tanuri saa nyingi. Kwa Arusha nakushauri mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta kiasi, au utumbo uliokolea viungo. Samaki wa kuchemsha usithubutu kumweka karibu, maana mvinyo mwekundu wa namna hii na samaki vikikutana ulimi mara nyingi hupata ladha ya sarafu.

Kazini kwako, mgeni akikuuliza, lebo itakusaidia. Bairrada ni mkoa wala si zabibu, na tangu mwaka 2003 kanuni zake zinaruhusu hata Cabernet, Merlot na Syrah, kwa hiyo chupa ya Bairrada isiyotaja Baga inaweza kuwa mchanganyiko. Ikiandikwa Vinhas Velhas ni mizabibu mizee. Ikiandikwa Garrafeira, mvinyo mwekundu umetunzwa angalau miezi 30 kabla ya kuuzwa, 12 kati ya hiyo ukiwa ndani ya chupa. Ukiona Beira Atlântico, ni jina pana la eneo hilohilo, na watengenezaji wengine hulichagua kwa makusudi ili wasibanwe na kanuni za Bairrada; Pato mwenyewe aliwahi kujitoa kwenye jina la Bairrada na kutumia la mkoa mpana zaidi, kwa hiyo usidhani ni mvinyo wa daraja la chini. Na mgeni Mreno ukitaka kumfurahisha, mwambie kwamba mvinyo kwa Kiswahili ni mvinyo kwa sababu ya vinho yao, na hata pipa tulilichukua kwao pamoja na meza unayoihudumia.

Chupa ya pili: una njia mbili. Ya kwanza ni kungoja. Ukiwa na subira, iache imelala hadi 2028 au 2030, na ukiona mashapo ujue kazi inaendelea. Ya pili, ambayo nahisi utaichagua, ni kumtafuta mbuzi. Asubuhi ya siku hiyo isimamishe chupa wima ili chochote kilichomo kizame. Saa mbili kabla ya kula, ifungue na uimimine yote kwenye jagi pana la kioo, taratibu, ukiacha tone la mwisho kama lina mashapo, ili ipate hewa. Dakika ishirini kabla ya kula, weka jagi ndani ya friji, si juu yake, kwa sababu mvinyo huu unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 na ukiwa wa joto kilevi kinakurukia puani. Mimina kidogo, theluthi ya glasi. Na yule mwenzenu aliyesema umechacha, mpe kwanza kipande cha nyama chenye mafuta, akitafune, kabla hajagusa glasi.